Tuipime sahani ya Kijerumani kwa kilichomo ndani yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze maoni yangu kuhusu mikahawa ya chakula cha Kijerumani katika mji wetu wa Malindi, nikimaanisha ile ya kawaida, yenye meza za mbao na menyu ya kurasa mbili, ambayo mtu huingia na shati lake la kazini akala, akalipa na kwenda zake. Kila mikahawa hii inapotajwa barazani huzuka hukumu mbili. Ya kwanza ni ya mwenyeji anayeona kipande cha nyama ya kukaanga na viazi kimeandikiwa shilingi 1,300, akasema huo ni unyang'anyi, kwa kuwa fedha hizo zingetosha kupika sinia la pilau na nyumba nzima ikala. Ya pili ni ya mgeni, au ya ndugu yetu aliyewahi kuishi Ulaya, anayesema bei hiyo ni ya bure kwa sababu sahani hiyo hiyo ingemgharimu karibu maradufu huko Hamburg au Munich. Wa kwanza anailinganisha sahani na chakula kingine, wa pili anailinganisha na nchi nyingine, na katika wote wawili sioni aliyeuliza kama kilichowekwa mezani kinastahili fedha iliyotolewa.

Mimi ni mpishi mstaafu. Nimepika katika hoteli za mwambao huu, Watamu na hapa Malindi, na katika baadhi ya majiko hayo mpishi mkuu alikuwa Mjerumani, mtu mkali ambaye hakukubali kiazi cha saladi kimenywe kabla ya kuchemshwa. Kwa hiyo naijua kazi iliyo nyuma ya sahani hizi, na bei za vitu nazijua pia, kwa kuwa mpaka leo mimi ndiye ninayekwenda sokoni kwetu nyumbani. Hoja yangu ni kwamba sahani ya Kijerumani inapimwa kwa kazi iliyotiwa katika vitu vya bei nafuu, na kwa uwazi wa bei yake, na mkahawa unaoshindwa katika moja kati ya hayo haufai kusifiwa hata kama nyama yake imefurika ukingo wa sahani.

Kwa pizza hatuna tatizo hili. Waitaliano wameishi nasi muda mrefu, na mtoto aliyekulia Malindi anaijua pizza iliyookwa vizuri katika tanuri la kuni na ile iliyopashwa moto tu, na akitajiwa bei anajua papo hapo kama anaonewa. Chakula cha Kijerumani hakijapata bahati hiyo, ingawa Wajerumani si wageni katika mwambao huu. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipatana na Sultani Ahmed wa Witu kuhusu ardhi mwaka 1885, posta ya Kijerumani ikafunguliwa Lamu mwaka 1888, na jengo lake leo ni makumbusho ambayo yeyote anaweza kuyazuru. Mkataba wa Julai 1890 baina ya Ujerumani na Uingereza ndio uliokomesha utawala wao huku. Walipokuja tena walikuja kama watalii, wakala katika hoteli walizofikia, nyuma ya ukuta, na wenyeji walioonja mapishi yao walikuwa wale tulioajiriwa kuyapika. Ndiyo maana mkahawa wa Kijerumani unapofungua mlango wake barabarani mteja wa hapa hana kipimo cha kuupimia, na mwenye mkahawa anaweza kumuuzia chochote kwa jina lolote.

Nianze na yule wa sinia la pilau, kwa kuwa hoja yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Pilau na biriani ni vyakula vya kazi kubwa, pengine kubwa kuliko ya sahani nyingi za Kijerumani, ila hupikwa katika sufuria moja kwa watu wengi, kwa moto mmoja, kwa mikono ya mpishi na msaidizi wake, na gharama ya kila sahani hupungua kadiri walaji wanavyoongezeka. Schnitzel, yaani ile nyama bapa iliyovikwa chenga za mkate, haipikwi hivyo. Hukaangwa moja moja baada ya mteja kuagiza, na mpishi hawezi kuiacha hata kwa zile dakika chache inazohitaji, kwani ikipitiliza imeharibika. Mteja analipia pia mafuta mengi ambayo lazima yabadilishwe mara kwa mara. Sababu hizi zinatosha kuiweka bei yake juu ya bei ya pilau, lakini hazitoshi kuhalalisha bei yoyote ile.

Ama yule wa Hamburg, yeye anasahau kwamba bei ya huko imebeba mshahara. Kima cha chini cha mshahara nchini Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, fedha ambazo wapishi wengi wa mji wetu hawazipati kwa siku nzima ya kazi. Imebeba pia kodi ya pango ya mjini na gharama ya kupasha ukumbi joto wakati wa baridi. Mkahawa wa Malindi hauna mizigo hiyo, na si haki ujilinganishe na mikahawa ya huko unapopanga bei kisha uyasahau malinganisho hayo unapowalipa vijana wa jikoni.

Tukiziweka kando hukumu hizo mbili tunabaki na sahani yenyewe. Upishi wa Kijerumani wa kila siku, ukiondoa nyama, umejengwa juu ya viazi, kabichi, vitunguu, unga wa ngano, mayai, siki na haradali. Hakuna kitu hapo ambacho mama wa nyumba wa Barani au Maweni hawezi kukinunua. Kwa hiyo anayelipa mamia ya shilingi kwa vitu hivyo ananunua muda na ujuzi wa mpishi, na ana haki ya kuukagua.

Tuitazame schnitzel kwa karibu. Ni mnofu usio na mfupa wala mshipa, unaopondwa kwa nyundo ya nyama hadi ubaki na unene wa nusu sentimita au pungufu, ukapakwa unga, ukachovywa katika mayai yaliyopigwa, kisha ukavikwa chenga za mkate mkavu. Hapa ndipo mpishi mvivu anapojulikana. Chenga hazikandamizwi, kwa sababu zikikandamizwa hushikamana na nyama na kuwa gamba gumu. Nyama hutiwa katika mafuta mengi kiasi cha kuelea, yenye moto wa kama digrii 170, na kikaango hutikiswa taratibu ili mafuta yapite juu yake. Ikipikwa hivyo, ganda huvimba na kujitenga na nyama kwa mawimbi madogo, rangi yake huwa ya dhahabu, na kisu kikipita husikika. Mafuta yakiwa hayajapata moto, mkate huyanywa yote. Mteja hahitaji kusafiri hadi Ujerumani ili kuyajua haya: akiletewa sahani na akiinue kipande kwa uma atazame chini yake, na akikuta kidimbwi cha mafuta, ajue kwamba ametozwa fedha ya kazi ambayo haikufanywa. Vilevile kuna vipande vinavyovikwa chenga kiwandani, vikagandishwa na kuuzwa kwa boksi. Hivyo hutambulikana kwa kuwa vyote vina umbo moja na kingo nene zilizonyooka, na mkahawa unaovikaanga na kuviuza kwa bei ya nyama iliyopondwa asubuhi hiyo unamdanganya mteja wake.

Jina nalo lina uzito wake. Ujerumani hairuhusu mkahawa uandike Wiener Schnitzel, jina linalotokana na mji wa Vienna ulioko Austria, isipokuwa nyama ikiwa ya ndama. Ikiwa ya nguruwe au ya bata mzinga, menyu lazima iseme hivyo. Hapa kwetu nyama ya ndama ni adimu, na mikahawa hutumia kuku au nguruwe, au nyama ya ng'ombe iliyopondwa sana. Sina ubaya na kuku, naye akipondwa vizuri huwa mtamu. Ninachotaka ni menyu imtaje kuku kwa jina lake, na bei iwe ya kuku.

Lakini mimi, nikiingia katika mkahawa wa Kijerumani, huanza kuonja viazi kabla ya nyama, kwa sababu nyama inaweza kuokolewa na ndimu na chumvi, ila saladi ya viazi haina pa kujificha. Viazi vinavyotufikia Malindi hutoka bara, na vingi ni vya aina ya Shangi, ambavyo huiva upesi na kupasuka kwa urahisi. Ni vizuri kwa chipsi, na kwa viazi karai havina mfano, lakini kwa saladi hii vinamtaka mpishi awe macho. Lazima avichemshe na maganda yake, aviepue kabla havijapasuka, avimenye vingali vya moto kiasi cha kuunguza vidole, avikate vipande vyembamba, kisha avimwagie supu nyepesi ya nyama iliyotiwa siki, haradali, kitunguu na mafuta kidogo, na aviache vinywe mpaka supu iishe bakulini. Hiyo ni saladi ya kusini, ya Bavaria na Swabia. Ya kaskazini hutiwa mayonezi, nayo ni nzuri ikitengenezwa kwa uangalifu. Isiyofaa ni ile ya viazi vya jana vilivyotolewa kwenye friji vikiwa baridi na vigumu, vikavurugwa na mayonezi ya chupa dakika moja kabla ya kuletwa mezani.

Hivi karibuni nilikula na binti yangu na mumewe katika mkahawa mmoja wa aina hii, ambao sitautaja jina kwa kuwa nia yangu si kuuharibia biashara. Saladi yao ilikuwa na uvuguvugu, viazi vimeshika siki hadi kiini, na kitunguu kilikatwa kidogo sana hata kikawa hakionekani bali kinasikika. Nilimuuliza kijana aliyetuhudumia, "Mwanangu, saladi hii imetengenezwa lini?" Akanijibu, "Leo asubuhi, mzee, halafu tunaiacha ilale kidogo ndipo tuiuze." Hilo ndilo jibu la mtu anayejua anachouza, na nalitaja hapa kwa furaha kwa sababu mpishi wake, kama nilivyokuja kumwona baadaye, ni kijana wa hapa hapa mjini. Kwa saladi ile pekee ningelipa shilingi 350 bila kunung'unika.

Kabichi chachu, yaani sauerkraut, ina mtihani wake katika joto letu. Kabichi hukatwa nyuzi nyembamba, ikatiwa chumvi kiasi cha gramu 20 kwa kila kilo, ikakandwa na kushindiliwa hadi maji yake yenyewe yaifunike, kisha ikaachwa ichachuke kwa majuma kadhaa. Hakuna siki inayotiwa, kwani ukali huletwa na bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa ya mtindi. Kazi hiyo huenda vizuri zaidi katika ubaridi wa digrii 18 au 20 hivi. Katika mji ambao joto la mchana hufika digrii 30 na zaidi, uchachukaji huenda mbio na kabichi hulainika kabla haijapata ladha, na mpishi hana budi kutafuta mahali pa baridi au kununua ya chupa iliyotoka ng'ambo. Njia zote mbili zina gharama, nami sioni kosa kumtoza mteja gharama hiyo. Kosa ni kuchemsha kabichi ya kawaida, kuimwagia siki na kuiuza kwa jina la sauerkraut kwa bei ya ile ya majuma. Kuzitofautisha ni rahisi: iliyochachuka kweli hukatika menoni na ukali wake hubaki kinywani polepole, na ya siki humkereketa mtu kooni mara moja. Kabichi nyekundu ni jambo jepesi zaidi, na hapa wapishi wetu wana ubora wao, maana hupikwa na tufaha, karafuu na mdalasini, na sijui mpishi wa Pwani anayehitaji kufundishwa matumizi ya karafuu.

Sasa nije katika jambo ambalo kwa wengi wetu linatangulia ladha na bei. Sisi Waislamu tu sehemu kubwa ya wakazi wa mji huu, na upishi wa Kijerumani unatumia nguruwe kwa njia nyingi ambazo menyu haizitaji. Nyama yake hutiwa katika viazi vya kukaanga na katika supu ya maharagwe, mafuta yake hupikiwa kabichi, na utumbo wake hutumiwa kufungia soseji ambazo ndani zinaweza kuwa za ng'ombe. Divai nayo huingia katika kabichi chachu na katika baadhi ya michuzi. Kumwambia mteja kwamba kuna kuku hakutoshi ikiwa kuku huyo anakaangwa katika mafuta yaliyotumika kwa nguruwe. Katika mkahawa nilioutaja, kijana yule alipoulizwa hakubahatisha jibu. Aliingia jikoni akarudi na mpishi mwenyewe, ambaye alitualika hadi mlangoni pa jikoni akatuonyesha vikaango viwili, kimoja kimefungwa utepe mwekundu mpinini, pamoja na mabeseni ya mafuta yaliyotengwa. Walioketi meza ya jirani, ambao nao hawakuwa wameuliza kitu, waliagiza baada ya kuona hayo. Mkahawa usioweza kujibu swali hili hauna thamani yoyote kwa mteja wa aina yangu, hata wakigawa chakula bure, na ningependa kuona jibu limeandikwa katika menyu badala ya kungoja mzee mwenye maswali mengi.

Baada ya chakula hicho, ambacho hadi hapo nilikuwa nakisifu, ililetwa bili. Bei ya menyu ilikuwa shilingi 1,300 kwa schnitzel ya kuku na saladi. Chini ya bili kulikuwa na asilimia 16 ya ushuru wa ziada ya thamani, asilimia 2 ya ada ya utalii, na asilimia 10 ya huduma, na sahani ya shilingi 1,300 ikawa ya shilingi 1,664. Tofauti ya shilingi 364 kwa kila mlaji si ndogo kwa familia inayoingia na watoto, na katika mji huu ni mlo mwingine kamili. Maelezo kwamba bei hazijajumuisha ushuru yalikuwamo katika menyu, ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kwa herufi ambazo binti yangu alizisoma kwa kuziwekea mwanga wa simu. Silalamikii ushuru, kwa kuwa ushuru ni wa serikali na lazima ulipwe. Nalalamikia kwamba nilipima thamani ya chakula kwa bei moja na kulipia bei nyingine. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma, na sioni ni maelezo gani yanayotangulia bei kamili.

Hapa ndipo ninapowashangaa wenye mikahawa wanaojivunia Ujerumani. Wamechukua nyama, viazi na meza za mbao, wakaiacha nyuma sheria ya bei, ambayo kwa mteja ni nzuri kuliko vyote hivyo. Nchini Ujerumani bei iliyoandikwa katika menyu ni bei ya mwisho, ushuru na huduma vikiwa ndani yake, na anachoongeza mteja ni bakshishi kwa hiari yake, aghalabu asilimia 5 hadi 10. Mkahawa unatakiwa pia kubandika kando ya mlango wa kuingilia orodha ya bei za vyakula na vinywaji vyake vikuu, ili mpita njia aamue kama mfuko wake unaruhusu kabla hajaketi na kuona haya ya kuondoka. Glasi za vinywaji zina mstari unaoonyesha kipimo, na kinywaji kisipofika mstarini mteja huirudisha. Na kuna sheria moja ambayo ningefurahi sana kuiona ikifuatwa katika mwambao wetu: kila mkahawa unaouza pombe lazima uwe na angalau kinywaji kimoja kisicho na pombe ambacho, kwa kipimo kile kile, hakizidi bei ya kinywaji cha pombe kilicho rahisi kuliko vyote.

Tulipoketi sisi, chupa ya bia ya nusu lita ilikuwa shilingi 350, na glasi ya juisi ya embe, ambayo kwa jicho langu haikuzidi robo lita na ambayo nusu yake ilikuwa barafu, ilikuwa shilingi 400. Juisi ya embe, Mhariri, katika kaunti ambayo msimu wa ngowe na boribo ukifika maembe huoza chini ya miti kwa kukosa mnunuzi. Familia isiyokunywa pombe inakaa meza ile ile, inakula chakula kile kile, na inatozwa zaidi kwa kinywaji ambacho mwembe wake unaonekana dirishani. Bei ya namna hii inamwambia mteja wa Malindi kwamba mkahawa haukumkusudia yeye.

Nimewahi kuzungumza na wenye mikahawa kuhusu mambo haya, na jibu lao ni gharama. Haradali hutoka ng'ambo, soseji nzuri lazima zisafirishwe katika ubaridi, umeme ni ghali na ukikatika jenereta hunywa mafuta, na kuna miezi baada ya Aprili ambapo watalii huondoka na ukumbi hukaa mtupu. Yote haya ni kweli, nami nimeyaona kwa macho yangu nikiwa kazini. Lakini gharama ya haradali iwekwe kwenye sahani ya soseji. Haiwezi kuwa sababu ya bei ya viazi na maembe. Na ukumbi mtupu wa miezi ya mvua haujazwi kwa kupandisha bei, hujazwa na wakazi wa mji, ambao wapo mwaka mzima na ambao wangeingia mara kwa mara wakijua watatoka wamelipa kiasi gani. Wajerumani wenyewe wana desturi ya chakula cha mchana cha bei maalumu, sahani moja au mbili zinazobadilika kila siku, ambacho wafanyakazi wa maofisini hukila haraka na kurudi kazini. Watumishi wa kaunti, walimu na wafanyabiashara wa Malindi wangekipokea kwa mikono miwili.

Kama ningeulizwa sahani ya kuanzia, ningesema samaki. Watu wengi hudhani Ujerumani ni nyama tu, wakisahau kwamba ina pwani mbili kaskazini, na kwamba Hamburg na miji mingine ya huko ina mapishi yake ya samaki wa kukaanga na viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, kisha vikakaangwa na vitunguu hadi vikawa vikavu pembezoni. Mpishi wa Malindi akimchukua changu au kipande cha nguru kilichoshushwa asubuhi, akakipika kwa njia hiyo, akaweka kando saladi ya viazi yenye siki na tango la achari, mteja anapata chakula ambacho ni cha Kijerumani kweli na ambacho kitu chake cha gharama kubwa hakikupanda ndege wala lori. Swali la nguruwe linapungua, mradi kikaango kiwe safi. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na samaki kupanda bei, sahani itapanda pia, na mteja wa hapa ataelewa bila kuelezwa, kwa kuwa anaiona bahari. Katika menyu niliyoisoma kulikuwa na samaki mmoja tu, naye alikuwa wa kugandishwa kutoka nje. Hilo limenisikitisha kuliko bili.

Hukumu yangu juu ya chakula kile, basi, ni kwamba jiko lilifanya kazi yake na karatasi ya bei haikufanya. Ganda la schnitzel lilijitenga kama inavyotakiwa, saladi ilikuwa ya mpishi hasa, na kabichi, ingawa ilikuwa ya chupa, iliandikwa hivyo. Kwa shilingi 1,300 zikiwa ndizo za mwisho, ushuru na huduma ndani yake, na juisi ya embe kwa shilingi 150, ningesema kwamba chakula kile kina thamani yake, na ningewapeleka wageni wangu. Kwa shilingi 1,664 na juisi ya 400 ni ghali, na si kwa sababu pilau ni rahisi, bali kwa sababu shilingi 364 kati ya hizo hazikutajwa mahali ambapo mteja angeziona. Asilimia 10 ya huduma ningeilipa kwa moyo mweupe zaidi kama ningehakikishiwa kwamba inamfikia yule kijana na yule mpishi mwenye vikaango viwili. Nilipouliza, hakuna aliyeweza kunijibu.

Nawaomba wenye mikahawa hii wabandike orodha ya bei kamili mlangoni, kwa shilingi na kwa Kiswahili, kabla ya wageni wa Desemba kuingia, waeleze katika menyu nyama gani inakaangwa katika kikaango gani, na wawaulize wavuvi wetu wamevua nini kabla ya kufungua boksi la samaki wa kugandishwa.

Mpishi mstaafu,
Muyeye, Malindi